MAUMIVU YA NYUMA YA MKONO: KABLA YA KUCHUA, JARIBU KUUNYOOSHA

Mwezi huu tunaangalia msuli ambao wengi wetu hatuujui hata kwa jina, ingawa haipiti siku bila kuutumia. Ni ule msuli mnene ulio nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Kijana anayetaka kuonyesha nguvu zake hukunja mkono na kututunishia msuli wa mbele, nao ndio unaosifiwa. Kumbe wa nyuma ndio mkubwa zaidi: karibu theluthi mbili ya nyama yote ya sehemu hiyo ni yake. Huo ndio unaofanya kazi mama anaposhusha mchi kinuni, seremala anaposukuma randa, kijana anaposukuma mkokoteni, na mzee anapojiinua kitini kwa kuegemea mikono yake.

Tumeuchagua kwa sababu moja. Mtu akiumia nyuma ya mkono au kwenye kiwiko, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi ni kutafuta mafuta na mtu wa kuchua. Mara nyingi hakuna madhara makubwa, kwa kuwa maumivu yale yangepoa hata bila kuchuliwa. Lakini yapo majeraha machache ambayo kuchua huyaharibu, na mengine ambayo kila wiki inayopita katika kuchua ni wiki iliyopotea kwa daktari wa upasuaji. Kuyatofautisha si kazi ngumu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo mtu anaweza kuifanya nyumbani bila chombo chochote.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno "mshipa" limebebeshwa mizigo mingi. Tunaita mshipa njia ya damu, tunaita mshipa neva, na wakati mwingine hata msuli wenyewe tunauita mshipa. Katika makala hii, msuli ni nyama inayojikaza. Kano ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayoufunga msuli kwenye mfupa. Yeyote aliyewahi kutafuna nyama ya muundi wa ng'ombe anaifahamu. Neva ni uzi unaotoka kwenye uti wa mgongo na kuuamuru msuli ufanye kazi. Ukifika zahanati ukaeleza ni wapi hasa panapouma, na ni kitendo gani huwezi kukifanya, utakuwa umemsaidia mganga kuliko kumwambia kwamba mshipa umekaza.

MSULI HUU UNAVYOFANYA KAZI

Msuli unaotuendesha viungo una uwezo wa aina moja tu: kujikaza na kuwa mfupi, na kwa njia hiyo kuvuta. Hauwezi kusukuma. Sasa mtu anawezaje kusukuma mlango? Jibu liko kwenye kiwiko. Gusa ile ncha ngumu unayoegemea mezani. Hiyo ni sehemu ya mfupa wa kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, nayo imejitokeza kwa nyuma kupita kiungo chenyewe. Kano ya msuli wa nyuma imejishika hapo. Msuli ukijikaza huvuta ncha hiyo kuelekea begani, na upande wa pili wa mfupa, wenye kiganja, hulazimika kwenda mbele. Ni kama bembea ya ubao ya watoto: upande mmoja ukivutwa, wa pili huenda kinyume chake. Mkono unanyooka na mlango unafunguka.

Ila bembea hii haina pande sawa. Kutoka kwenye kiungo hadi mahali kano iliposhika ni kama sentimita 2 tu, wakati kutoka kwenye kiungo hadi kiganjani ni sentimita 30 na zaidi. Kwa hiyo uzito wowote unaousukuma kwa kiganja, kano huvutwa kwa nguvu inayozidi mara kumi ya uzito huo. Anayeteleza kwenye matope na kujikinga kwa mkono mmoja anautupa mwili wake juu ya kamba yenye upana wa kama vidole viwili. Ajabu ni kwamba hukatika mara chache sana.

Kwa jina la kitaalamu msuli huu huitwa traisepsi, neno la Kilatini lenye maana ya "wenye vichwa vitatu". Kichwa kimoja, kile kirefu, huanzia kwenye kombe la bega. Viwili huanzia nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Vyote huungana katika kano moja. Kile kirefu, kwa kuwa kinavuka bega, husaidia pia kurudisha mkono nyuma na kuubana ubavuni, ndiyo maana baadhi ya watu husikia maumivu karibu na kwapa. Kati ya vile viwili vingine hupita neva moja kubwa, imeuzunguka mfupa kama mmea utambaao uzungukavyo mti. Tutairudia baadaye.

MAUMIVU YA KAZI NGENI

Mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima akienda kijijini likizo, akalima au kufyatua matofali siku nzima, hataumwa sana jioni ile. Ataumwa kesho yake, na keshokutwa zaidi, hata kuvaa shati ikawa shida. Wengi husema ni asidi iliyoganda katika misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka katika muda wa saa moja hivi baada ya kazi. Kinachouma ni michubuko midogo sana katika nyuzi za msuli, ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Katika muda wa wiki moja mambo huwa yamekwisha. Hapa dawa haihitajiki. Kuutembeza mkono kidogo kidogo kunasaidia kuliko kulala.

Jambo moja tu katika maumivu haya lisidharauliwe. Mtu akizidisha kabisa, misuli huweza kuvunjika kwa wingi na takataka zake kuingia katika damu na kuziba figo. Dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai kavu iliyokolea au soda ya kola, pamoja na misuli iliyovimba na kuuma kupita kiasi. Matukio ya namna hii yameripotiwa katika nchi mbalimbali kwa askari wapya, wanamichezo na wanafunzi waliopigishwa pushapu nyingi kwa mkupuo. Walimu na wakufunzi wanaotumia pushapu kama adhabu yafaa walijue hilo. Kijana mwenye mkojo wa rangi hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, anywe maji, wala asipewe diklofenaki, maana dawa hiyo nayo huzielemea figo.

KANO INAYOUMA, NA UVIMBE KAMA YAI

Yapo maumivu mengine yanayokaa mahali pamoja, juu kidogo ya ncha ya kiwiko, na kuzidi kila mtu anaposukuma kitu. Huwapata maseremala, wanaofua nguo nyingi kwa mikono, wapishi wa chapati, na vijana wanaonyanyua vyuma. Hapa kano imechoshwa na kazi ile ile kila siku. Tiba yake inahitaji uvumilivu: punguza kwa wiki kadhaa kile kitendo kinachoamsha maumivu, lakini usiufunge mkono kabisa, kwa sababu kiwiko hukakamaa upesi kuliko viungo vingine vingi. Siku mbili za mwanzo unaweza kuweka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungini kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Kwa dawa, parasetamoli inatosha. Mtu mzima anaweza kumeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, asizidishe 8 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo siku hizi hununuliwa dukani kama peremende, si za mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, wala si za mama mjamzito asipoandikiwa na daktari. Aspirini wasipewe watoto. Na mtu asikubali kuchomwa sindano ya kupunguza uvimbe ndani ya kano hii kwa sababu tu amechoka kungoja. Kano iliyochomwa dawa hizo huweza kulegea na baadaye kukatika.

Wakati mwingine kwenye ncha ya kiwiko hutokea uvimbe laini kama yai, usiouma sana. Hicho ni kifuko cha majimaji ambacho kila mtu anacho hapo chini ya ngozi, nacho hujaa kwa sababu ya kuegemea kiwiko mara kwa mara au kukigonga. Usikitumbue kwa wembe wala sindano ya kushonea. Aghalabu hunywea polepole ukiacha kukiegemea. Kikiwa chekundu, cha moto, chenye kuuma, na mtu ana homa, basi vijidudu vimeingia na anahitaji dawa ya hospitali mapema.

MKONO USIOWEZA KUNYOOKA

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tuandike. Mtu ameanguka akajikinga kwa kiganja, au ameanguka juu ya kiwiko chenyewe, au alikuwa ananyanyua chuma kizito kifuani, akasikia kitu kimefyatuka nyuma ya kiwiko. Pamevimba, na baada ya siku moja au mbili pana weusi wa damu iliyovilia. Je, ni mvuto tu wa msuli, au kano imekatika, au ncha ya kiwiko imevunjika?

Watu wengi hujaribu hivi: husimama, mkono ukiwa unaning'inia, wanaukunja halafu wanaunyoosha. Wakiona umenyooka, hufurahi na kwenda kuchuliwa. Hapo ndipo wanapodanganyika. Mkono unaoning'inia hunyooshwa na uzito wake wenyewe, kama mlango uliotegwa vibaya unavyojifunga bila kusukumwa. Hata kano ikiwa imekatika vipande viwili, mkono huo utanyooka.

Jaribio la kweli ni lile linaloulazimisha msuli kuinua. Mgonjwa akae, ainue kiwiko hadi kifike usawa wa sikio, kiganja kikiangukia nyuma ya shingo, kama mtu anayetaka kujikuna mgongoni. Kisha, bila kusaidiwa na mkono wa pili, anyooshe kigasha kuelekea juu. Kama bega nalo linauma na haliinuki, alale kifudifudi kitandani, mkono wa juu ukiwa umelala juu ya godoro na kigasha kikining'inia nje ya ukingo. Kisha akiinue hadi kinyooke. Afanye hivyo kwa mkono mzima kwanza, halafu ulioumia. Asilazimishwe, na wala jaribio hili lisifanyike kwa mkono uliopinda au mfupa unaoonekana wazi kuwa umevunjika. Huyo ni wa hospitali moja kwa moja.

Akiweza kuunyoosha, ijapokuwa kwa maumivu, na nguvu ikawa karibu sawa na ya upande wa pili, huenda ni mvuto wa kawaida. Apumzike na kuangaliwa. Akishindwa kabisa, au akiweza kidogo lakini unapomzuia kwa kidole kimoja mkono unarudi, mchukulie kuwa kano imekatika au mfupa umevunjika mpaka picha ya eksirei itakaposema vinginevyo. Wakati mwingine ukipapasa juu ya ncha ya kiwiko utasikia shimo dogo mahali ambapo kamba ilikuwepo.

Kukatika kwa kano hii ni nadra, na huwapata zaidi wanaume wa makamo. Wenye hatari kubwa zaidi ni wagonjwa wa figo wa muda mrefu, wanaotumia homoni za kujenga mwili, na waliochomwa sindano za namna tuliyoitaja. Dawa za kuua vijidudu za jamii ya siprofloksasini nazo hujulikana kuwa huweza kudhoofisha kano. Kuvunjika kwa ncha ya kiwiko ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi, hasa kwa wazee wanaoanguka. Mfupa ukivunjika hapo, msuli huendelea kuvuta kipande kilichomeguka kuelekea juu, ndiyo maana hauungi vizuri ukiachwa hivi hivi.

Tiba ya kano iliyokatika kabisa kwa mtu anayefanya kazi za mikono ni kushonewa tena kwenye mfupa. Na hapa muda una thamani. Ikifanyika katika wiki 2 au 3 za kwanza, kano bado iko karibu na mahali pake. Ukichelewa miezi, hujivuta juu na kugandana na nyama, na daktari analazimika kutafuta kano ya sehemu nyingine ya mwili kuziba pengo. Upasuaji wa namna hii hufanywa na madaktari wa mifupa. Hapa Tanzania wapo katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na hospitali nyingine kubwa, na njia ya kufika huko huanzia kwa barua ya rufaa kutoka hospitali iliyo karibu nawe. Kwa mzee sana aliyevunjika ncha ya kiwiko, daktari anaweza kuamua asimpasue, na mkono ukaendelea kumfaa kwa kula, kuvaa na kazi ndogo ndogo. Uamuzi huo ni wa daktari aliyeona picha, si wa wajukuu kwa kuogopa nauli.

Safarini, tungika mkono kwa kanga shingoni katika hali ile ile usiyoumia sana. Usiukunje kwa nguvu. Vua pete, bangili na saa mapema, kabla vidole havijavimba.

KWA NINI TUNASEMA USICHUE

Sisemi kwamba kuchua ni kosa siku zote. Msuli uliochoka na usioumia hupata nafuu ukikandwa taratibu kwa maji ya vuguvugu, na bibi zetu walilijua hilo. Tunachokataa ni kukichua na kukinyoosha kwa nguvu kiwiko kilichoumia siku hizo hizo. Damu iliyovuja ndani ya nyama ikikorogwa kila siku, mwili huweza kuigeuza kuwa mfupa. Ndiyo, mfupa kweli kweli, unaoota ndani ya msuli na kuonekana kwenye eksirei. Kiwiko ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana sana kwa tatizo hili. Mwenye bahati mbaya hiyo hubaki na mkono uliokwama nusu, hawezi kufikisha tonge mdomoni wala kuufikisha mkono mfukoni, na yote yalianza kwa nia njema ya kumchua.

Kwa watoto kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni banzi. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe mara nyingi huvunjika juu kidogo ya kiwiko, hasa wa umri wa miaka 5 hadi 8. Mahali hapo hupita njia kuu ya damu ya mkono. Akifungwa vijiti na kamba vikakaza, uvimbe hukosa pa kwenda, damu haifiki kwenye kigasha, na nyama huanza kufa katika saa chache. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliyaeleza madhara hayo tangu mwaka 1881: mkono hujikunja kama ukucha wa ndege na haukunjuki tena maisha yote. Wengine hukatwa mkono kabisa. Wazazi, mtoto aliyefungwa banzi au plasta ngumu, ile wanayoiita "hogo", akilia kwa maumivu yanayozidi badala ya kupungua, akipiga kelele ukimnyoosha vidole, au vidole vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, usingoje asubuhi. Banzi la nyumbani lifunguliwe papo hapo. Mwenye plasta ya hospitali arudishwe mara moja, hata usiku.

NEVA, SINDANO NA MAGONGO

Ile neva tuliyosema imeuzunguka mfupa ndiyo inayouamuru msuli huu, na baada ya hapo hushuka kuviinua kifundo cha mkono na vidole. Kwa kuwa imeegemea mfupa, hubanwa kwa urahisi. Mtu akilala usingizi mzito mkono ukiwa umening'inizwa juu ya mgongo wa kiti, huamka kiganja kimelegea kama ua lililonyauka. Wazungu wameuita ugonjwa huo kupooza kwa usiku wa Jumamosi, kwa sababu wanaoupata aghalabu wametoka kunywa. Si kurogwa, wala si kiharusi, ingawa mgonjwa lazima apimwe ili kuhakikisha hivyo. Neva iliyobanwa namna hii kwa kawaida hurudi yenyewe katika wiki au miezi michache, mradi kifundo cha mkono kitegemezwe kisikakamae.

Sindano nayo huweza kuijeruhi. Mahali pa kuchoma mkononi ni sehemu nene ya bega, upande wa nje, juu. Si nyuma ya mkono katikati. Ukisikia kama umeme umeshuka hadi vidoleni wakati sindano inaingia, sema hapo hapo ili itolewe. Ni haki yako.

Wanaotembea kwa magongo hutegemea msuli huu kama sisi tunavyotegemea mapaja. Bahati mbaya, magongo mengi tunayoyaona hata kanisani hayakupimwa kwa mwenye nayo, mtu amerithi ya marehemu babu. Gongo likiwa refu, huchimba kwapani, na neva hubanwa juu kabisa, hata msuli wenyewe wa nyuma ukalegea. Sehemu ya juu ya gongo iwe chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na kishikio kiwe mahali ambapo mtu akisimama wima kiwiko chake kinakunjika kidogo tu. Uzito ubebwe na viganja, si makwapa. Seremala yeyote anaweza kulikata gongo katika dakika 5.

MAUMIVU YANAYOTOKA KWINGINE

Siyo kila kinachouma nyuma ya mkono kimetoka hapo. Maumivu yanayoanzia shingoni, yakashuka nyuma ya mkono hadi kidole cha kati kufa ganzi, huku msuli huu ukipungua nguvu, hutokana na neva iliyobanwa kwenye pingili za shingo. Kuchua mkono hakutalifikia tatizo. Na mtu mzima anayesikia mkono, hasa wa kushoto, unauma au mzito bila kuumia, kifua kimembana, anatoka jasho jembamba na kukosa pumzi, huyo ana dalili za moyo. Apelekwe hospitali wakati huo huo.

KURUDISHA NGUVU

Baada ya plasta au upasuaji, msuli huwa umekonda. Ukisharuhusiwa na daktari, anza na ukuta: simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, jisogeze mbele polepole kisha jisukume nyuma, mara 10, asubuhi na jioni. Hilo likiwa jepesi, kaa kwenye kiti imara chenye mikono, jiinue kwa viganja miguu ikisaidia kidogo. Baadaye shika chupa ya maji ya nusu lita, inua kiwiko kama katika lile jaribio letu, na unyooshe mkono juu taratibu. Maumivu kidogo yanayokwisha usiku huo hayana neno. Yakiendelea hadi kesho yake, umezidisha. Rudi hatua moja nyuma.

Kwa aliyeshonwa kano, kazi nzito za kusukuma na kutwanga kwa kawaida husubiri miezi 4 hadi 6. Muda huo ni mrefu kwa mama mwenye familia, nasi twajua kwamba mchi haungoji. Yafaa mume na watoto waambiwe tarehe hiyo na daktari wakiwa wamesimama pale pale na mgonjwa, ili wajue ni nani atakayetwanga mpaka wakati huo.